Printa Hupimwa kwenye Mkunjo

Mtu anayetaka kujenga nyumba za karatasi ngumu huuliza habari za printa kama anavyouliza mwenye ofisi: inatoa kurasa ngapi kwa dakika, ina nukta ngapi kwa inchi, ina Wi-Fi au haina. Ni maswali halali kwa anayechapa barua na mitihani, maana barua ikishatoka kwenye trei imemaliza kazi. Karatasi ya mjenzi ikitoka kwenye trei ndiyo kwanza inaanza. Itatiwa mfuo kwa rula ya chuma, itakatwa kwa wembe, itakunjwa pembe kwa pembe, itapakwa gundi yenye maji, kisha itakaa rafuni miaka ikipigwa na mwanga wa dirishani. Kwa hiyo printa ya kazi hii haina budi kuchaguliwa kwa yale yanayoipata karatasi baada ya kuchapwa, na juu ya yote kwa mkunjo. Vipimo vinavyojaza maboksi ya dukani vina nafasi yake, ila ni nafasi ya nyuma.

Ufundi wenyewe umezizidi umri printa za nyumbani, na kila zama umefuata mashine iliyokuwapo. Mjini Épinal, mashariki mwa Ufaransa, kiwanda cha picha cha Pellerin kilichoanzishwa 1796 kilikuja kuuza karatasi za kukata na kujenga katika karne ya 19. Esslingen, Ujerumani, kampuni ya J. F. Schreiber iliyoanza 1831 ilijipatia jina kwa karatasi za namna hiyo, zilizochapwa kwa litografia. Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1940, Geoffrey Heighway alianza kuuza Micromodels, majengo na treni na meli kwenye kadi za ukubwa wa postikadi; vita vilikuwa vimekula chuma na mbao, na kadi ndogo ilipenya. Poland ikapata gazeti lake, Mały Modelarz, mwaka 1957. Kote huko mchapaji alikuwa mtu mwingine, anayejua kwamba kazi yake itakunjwa na kugundishwa, na mtoto wa Warsaw hakuwa na la kufikiri ila mkasi. Siku hizi faili linapakuliwa kwenye intaneti. Canon wenyewe hutoa majengo bure kwenye tovuti yao ya Creative Park, ukarimu unaoeleweka vizuri ukikumbuka nani anauza wino. Kazi ya mchapaji imehamia mezani kwa mjenzi, pamoja na lawama zake zote.

Tofauti ya mashine na mashine inaanzia tumboni. Printa ya leza hutumia tona, yaani unga laini wa plastiki yenye rangi, unaovutwa na umeme tuli hadi juu ya karatasi, kisha ukapitishwa kati ya rola zenye joto linalokaribia nyuzi joto 200 za Selsiasi. Unga unayeyuka, unagandamizwa, unakuwa ngozi nyembamba ya plastiki iliyolala juu ya karatasi. Printa ya wino hurusha matone madogo mno, na matone hayo hunywewa na nyuzinyuzi za karatasi. Ni tofauti ya mlango uliopakwa rangi na ukili uliochovywa rangi: ukili unasukwa na kupindwa bila kupoteza chochote. Karatasi ikiwa bapa tofauti hiyo haikusumbui. Ikunje sasa. Nyuzinyuzi za upande wa nje zinavutwa, nazo zinavutika pamoja na rangi yake. Ngozi ya plastiki haivutiki, inapasuka. Kwenye pembe ya ukuta unatokea mstari mweupe wenye meno, na kila kidole kinachopita kinabandua punje nyingine za tona na kuupanua. Kadi nene huzidisha balaa, kwa sababu inameza joto la rola kabla tona haijayeyuka sawasawa. Hapo rangi hubanduka hata mahali pasipokunjwa. Kuiambia mashine kwamba umeweka karatasi nene husaidia, kwani itapunguza mwendo ili joto lipate muda wa kuingia, lakini tabia ya plastiki inabaki ile ile.

Mstari wa robo milimita unasikika kama jambo la kupuuzwa, mpaka upige hesabu ya skeli. Katika skeli ya 1:100 kila milimita ni sentimita 10, kwa hiyo robo milimita pembeni mwa jengo ni ufa wa sentimita mbili na nusu. Kidole gumba kinaingia. Chukua nyumba ya mawe ya Lamu, mji ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake uliamuliwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki mbali zaidi ya mita tatu hivi. Katika chumba cha ndani kuna zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu, na anayetaka kuvionyesha kwa karatasi atapanda hadi skeli ya 1:50 ili vidole vipate pa kushika. Hata hapo ukuta mzima wa zidaka hauzidi sana kiganja. Kila kidaka ni kisanduku chenye pande nne na mgongo. Ukuta wenye zidaka 20 unakudai mikunjo 80 kwa uchache, yote ndani ya kiganja hicho. Panda juu ya paa bapa ukute banda la makuti. Mgongo wa paa lake ni mkunjo mmoja mrefu wa rangi ya kahawia iliyokolea, na hakuna mahali tona inapojiumbua kama hapo: mstari mweupe kutoka ncha hadi ncha, juu kabisa ya jengo, mahali jicho linapotua kwanza.

Mtetezi wa leza atajibu kwa ukali wa mistari, naye ana haki. Kiungo cha udongo au saruji kati ya tofali na tofali, ambacho kwa kawaida ni sentimita moja, kinakuwa sehemu ya kumi ya milimita katika 1:100. Kwenye kadi ya kawaida tone la wino hutawanyika kidogo, na mstari mwembamba kiasi hicho hufifia au hunenepa. Leza huutoa safi. Lakini jengo hili litatazamwa kutoka wapi? Anayeinamia mfano wa 1:100 kwa umbali wa sentimita 30 anauona kama aliyesimama mita 30 kutoka kwenye jengo lenyewe. Kwa umbali huo jicho zima linatenganisha vitu vilivyoachana kwa sentimita moja hivi, basi kiungo cha matofali kiko ukingoni kabisa mwa uwezo wake. Ufa mweupe wa sentimita mbili na nusu, unaoshuka kutoka paani hadi msingini, ataulalamikia hata mpita njia. Leza inashinda pale ambapo jicho linakaribia kushindwa, na inashindwa pale ambapo jicho linaona vizuri. Kwa sababu hiyo hiyo zile nukta 4800 kwa inchi zinazotangazwa kwenye boksi hazipaswi kumtoa mtu pesa ya ziada. Nukta 300 kwa inchi tayari zinaipa kila nukta upana wa chini ya sehemu ya kumi ya milimita, na kadi ya manila itazitawanya hata hizo.

Kuna jibu jingine la leza ambalo mafundi wazoefu hulitoa haraka: pembe zinapakwa rangi. Ni kweli, na hata anayetumia wino hana budi kupaka, kwa sababu moyo wa kadi ni mweupe na kila ukingo uliokatwa unauonyesha. Penseli ya rangi au brashi ya rangi ya maji hupitishwa kwenye ukingo kabla ya gundi. Ila ukingo uliokatwa ni mstari safi ulionyooka, na kadi iliyo wazi hunywa rangi ya maji mara moja. Ufa wa tona una meno, pande zake ni plastiki inayoikataa rangi ya maji, na ukiurekebisha unabaki na mstari mweusi mahali palipokuwa na mstari mweupe. Hoja yenye uzito zaidi ingetoka kwenye chokaa. Nyumba za pwani zimepakwa chokaa nyeupe. Ufa mweupe kwenye ukuta mweupe utamsumbua nani? Hapo nakubali bila kinyongo. Anayejenga kuta nyeupe tupu anaweza kuchapa kwa leza na asijutie. Kuta za kweli, hata hivyo, zina kivuli chini ya dari, ukungu wa kijani karibu na msingi, na mlango wa kuchongwa wenye rangi ya mbao iliyozeeka. Uzuri wa jengo la karatasi umo kwenye madoa hayo hasa, na madoa ndiyo yanayopasuka.

Wino nao si mmoja. Kuna wino ambao rangi yake imeyeyuka kabisa ndani ya maji, na kuna wino wa pigmenti, ambamo chembe ndogo za rangi zinaelea bila kuyeyuka. Wa kwanza una rangi angavu na ni rahisi kukutana nao. Maji yakiugusa baada ya kukauka, unaamka tena: gundi nyeupe ikivuja pembeni mwa ukuta, au kidole chenye jasho kikipita juu ya paa, matofali yanakuwa tope. Jua la dirishani pia huufifisha mapema. Pigmenti huvumilia maji na mwanga kwa muda mrefu zaidi. Epson, kwa mfano, huuza wino wa pigmenti wa rangi zote kwa jina la DURABrite. Kwenye baadhi ya printa za matenki ya wino, nyeusi peke yake ni pigmenti na rangi nyingine tatu ni za kuyeyuka. Printa ya namna hiyo haifai kutupwa, mradi mwenyewe ajue anachoshika: mistari myeusi itasimama imara huku ukuta wa waridi ukichuruzika kando yake. Dawa yake ni vanishi isiyong'aa ya kupuliza, mipulizo miwili myepesi juu ya karatasi nzima kabla haijakatwa, kisha subira. Na asidhani mtu kwamba karatasi ya picha inayong'aa itamwokoa. Ile ina tabaka lililopakwa juu yake, na tabaka hilo hupasuka kwenye mkunjo kama tona.

Baada ya wino, tazama njia ya karatasi. Kadi ya kuta ni ya gramu 160 hadi 200 kwa mita ya mraba, mara mbili au zaidi ya ile gramu 80 ya daftari na barua. Printa ambayo trei yake iko chini mbele huivuta karatasi, huizungusha kwenye rola hadi igeuke kabisa, na kuitoa upande ule ule ilikoingilia. Kadi nene inayopitishwa njia hiyo hukwama, au hutoka imepinda mpindo ambao hata kitabu kizito cha usiku kucha hakiundoi. Printa yenye mlango wa nyuma, ambako karatasi huteremka kwa mshazari bila kugeuzwa, humaliza kazi kwa amani. Kigezo hiki si cha kukiachia bahati: printa nyingi ndogo za leza hutajwa na watengenezaji wake kuwa mwisho wake ni takriban gramu 163. Mashine hiyo hiyo lazima ikubali pia karatasi nyepesi. Nguzo ya baraza yenye unene wa sentimita 40 ni bomba la milimita 4 katika 1:100, na kadi ya gramu 200 haizunguki kwenye kijiti cha mshikaki bila kuvunjika. Nguzo inahitaji karatasi ya gramu 80 au 100, yenye rangi ile ile ya ukuta inaouegemea. Rangi ile ile hiyo ndiyo sababu ya kuchapa yote kwa mashine moja, ikiwezekana siku moja.

Kadi zenyewe hazihitaji kuagizwa ng'ambo. Manila iliyokatwa vizuri kwa ukubwa wa A4 inatosha kuanzia, na steshenari huwa na kadi za kufunikia ripoti, mradi si zile zenye vibonde vya kuigiza ngozi, maana wino haulali sawasawa mabondeni. Ipinde kadi kwa wepesi kwa urefu, kisha kwa upana: upande inaokubali kwa urahisi ndiko nyuzi zake zilikolala, na mikunjo mirefu ielekezwe huko. Hata printa bora haiwezi kuokoa mkunjo unaokata nyuzi bila kutiwa mfuo. Kalamu ya bolpeni iliyokwisha wino, ikipitishwa kando ya rula, ni chombo bora cha mfuo kuliko vingi vya kununua.

Lipo pia kosa dogo la kitarakimu ambalo limebomoa nyumba nyingi. Faili nyingi za Marekani zimepangwa kwa karatasi ya huko, yenye upana wa milimita 216. A4 yetu ina 210. Programu ya kusomea faili huona karatasi haitoshi, ikaipunguza picha kimyakimya hadi asilimia 97 au pungufu ya hapo. Ukuta wa milimita 200 unatoka na 194. Kama kuta zilichapwa hivyo na paa likachapwa siku nyingine kwa asilimia 100, paa linazidi kwa milimita sita, yaani sentimita 60 za jengo halisi katika 1:100. Hakuna gundi ya kuziba hilo. Chagua ukubwa halisi kila mara, kisha upime kwa rula mstari mmoja unaoujua kabla ya kuchapa karatasi ya pili. Printa yoyote itachapa kwa ukubwa halisi ikiamriwa.

Wapo watakaouliza kwa nini ununue mashine ilhali steshenari ipo mtaani. Kwa jengo la kwanza, nenda steshenari. Ni ushauri mzuri. Lakini utaikuta leza, kwa sababu biashara yake ni kurasa za maandishi na leza ndiyo inayolipa hapo. Kijana wa kaunta hana muda wa kujadili asilimia 97, na ukiharibu ukuta mmoja wiki ijayo, utakaochapiwa upya utakuwa na wekundu tofauti. Gharama nayo ihesabiwe kwa ukweli. Tangazo la chupa ya wino linaloahidi maelfu ya kurasa hupigiwa hesabu kwa kurasa zenye wino kidogo. Barua hufunikwa takriban asilimia 5 tu, ilhali karatasi ya kuta na mapaa ikifunikwa asilimia 60 inakunywa wino wa barua 12. Kwa mlaji wa namna hiyo, katriji ndogo ni ufukara, na printa ya matenki ndiyo pekee yenye akili. Kasoro ya kweli ya printa ya wino ni kukauka: ikikaa bila kazi, vitundu vya kichwa vinaziba, na kuvisafisha kunakula wino mwingi kuliko jengo. Anayejenga nyumba moja kwa mwaka asinunue. Anayejenga kila mwezi achape ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki, hata kama hana kazi nao.

Atatokea pia wa kusema kwamba haya yote ni mchezo wa watoto, na kwamba mashine za kuchapa vitu vya plastiki vya umbo kamili zimekwisha kuupita. Mashine hizo hutoa umbo. Haziulizi umbo limetoka wapi. Karatasi humlazimisha mjenzi kuielewa nyumba ikiwa bado bapa: ajue ukuta upi unashikana na upi, kikunjio cha gundi kikae upande gani, paa linahitaji pembe ngapi ili maji yashuke pande nne. Mwanafunzi aliyelifungua paa hilo likawa bapa, akalikunja tena, ameshika jiometri ambayo ubao hauwezi kumpa. Na anafanya hivyo kwa kadi moja, wembe, rula na gundi. Ufundi wenye mahitaji machache kiasi hicho unastahili mashine moja iliyochaguliwa kwa makini.

Basi ukienda dukani, beba manila yako. Iwe ya gramu 200, iliyokatwa A4, pamoja na faili lenye mraba wa kahawia iliyokolea, na omba ichapwe kwa mlango wa nyuma wa printa unayoitaka. Subiri ikauke. Itie mfuo, ikunje kuelekea nje, ifungue, uikunje tena. Kisha tia tone la maji pembeni na ulipitishie kidole. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae. Rangi ikibaki mahali pake kwenye mkunjo na chini ya kidole, lipa. Ikibaki kwenye mkunjo ikachuruzika chini ya kidole, lipa ukiwa umeweka kando bei ya vanishi. Ikipasuka kwenye mkunjo, mshukuru muuzaji uende duka la pili, hata kama mashine hiyo inatoa kurasa 30 kwa dakika.